Urujuanimno wa ziada kwenye makundi ya galaksi watoka wapi?

KijanaKisauni: Wazee habarini, jana stima ilipotea huku Kisauni nikapanda juu ya nyumba kuangalia nyota, nikaiona nyota ya Sumbula, na upande huohuo ndo liko kundi la galaksi la Virgo. Najua gesi iliyo kati ya hizo galaksi ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi na yatoa eksirei. Sa nasoma darubini ya angani ya EUVE ilikuta urujuanimno (ule mwanga usioonekana kwa macho, wenye nishati kuliko zambarau) mwingi kuliko hiyo gesi ingeweza kutoa, Virgo na kundi jengine la Coma pia. Watoka wapi jamani?

BintiNyali: Swali zuri kaka. EUVE ilirushwa na Wamarekani 1992, halafu kina Richard Lieu na Stuart Bowyer wakatangaza hayo katikati ya miaka ya 90. Wazo la kwanza, kuna gesi nyengine ya kama nyuzi milioni moja imechanganyika na ile ya moto. Lakini gesi ya hivyo hupoa haraka mno, kama kahawa kwenye dele lililotolewa makaa, lazima kuwe na kitu kinaipasha kila saa na hicho ndo kigumu kukipata.

FalakiMjiWaKale: Mimi kwa Coma nasema ni elektroni. Ulimwengu wote umejaa fotoni (chembe za mwanga) za mikrowevu zilizobaki tangu zamani za mwanzo, baridi kabisa, nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi. Elektroni yenye nishati mara 300 ya ile ya kutulia ikiipiga fotoni hiyo huizidishia nguvu kama mara 120,000 (300 mara 300, kisha mara nne gawa kwa tatu, fanya mwenyewe uone) na hapo tayari ni urujuanimno. Na elektroni hizo hudumu mabilioni ya miaka kabla kuchoka.

KijanaKisauni: Allah! Mbona basi kwengine wasema hakuna ziada yoyote?

BintiNyali: Hapo sasa. 1999 Bowyer huyohuyo na wenzake walipima upya wakaona kigunduzi hakishiki mwanga sawa kila mahali, ukikichukulia ni sawa wabakiwa na ziada ya uongo. Wakatumia picha za anga tupu kusahihisha, ziada ya makundi mengine mawili, Abell 1795 na Abell 2199, ikaisha, Coma ikabaki nayo. Lieu hakukubali. Mimi namheshimu sana Bowyer kwa hilo, kutangaza kitu kisha urudi ukipunguze mwenyewe si kazi ndogo.

FalakiMjiWaKale: Na gesi ingeacha mistari ya oksijeni kwenye spektra (mwanga ukitenganishwa rangi kwa rangi), elektroni haziachi. Picha za EUVE zilikuwa za mwanga wote pamoja, mistari haionekani, nayo darubini ikazimwa 2001.