Mawakala wa Mtwara na Lindi, acheni kuuza "safari ya Ngorongoro" inayoishia ukingoni

Wakuu wa Kusini, hili sasa limezidi. Pesa ya korosho ikianza kuingia tu, magrupu ya Masasi, Newala, Nachingwea hadi Lindi mjini yanajaa matangazo ya "Krismasi Ngorongoro". Watu wa vikoba wanachanga, wanapanda Coaster, wanakata kilomita zaidi ya 1,300, halafu wanashushwa pale juu kwenye kituo cha kutazamia. Wanapiga picha, gari linageuzwa. Kreta, yaani lile bonde la chini lenye wanyama, hawajaikanyaga! Kutoka pale juu, nyati wanaonekana kama ufuta uliomwagika mkekani.

Na mawakala wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Coaster hairuhusiwi kushuka kreta, ni gari la 4x4 tu, maana kutoka ukingoni hadi chini ni mita 600 hivi za mteremko mkali. Abiria 28 wanahitaji Land Cruiser nne za watu saba saba, za kukodi Karatu au Arusha, na kila gari lina ada yake ya kushuka, mbali na kiingilio cha kila mtu. Hiyo ndiyo hela inayokwepwa. Mteja anaambiwa "kiingilio kimelipwa", naye anadhani kila kitu kimo.

Saa nazo zinapangwa hovyo. Kibali kinahesabiwa saa 24 tangu unapoingia lango la Lodoare, na jioni saa 12 magari yanatakiwa yawe yameshatoka kreta. Ukifika langoni saa tisa mchana umeshaharibu. Inatakiwa kulala Karatu, saa 12 asubuhi uwe Lodoare, ushukie Seneto na upandie Lerai. Njia hizo mbili ni za upande mmoja kila moja. Malipo yafanyike mapema kwa namba ya malipo ya serikali, si kuhangaika na mtandao langoni huku jua linapanda. Kila mtu awe na kitambulisho chake cha taifa mkononi ili alipe bei ya Mtanzania.

Halafu hayo mabango! Twiga katikati ya kreta? Twiga hawaishi mle: kuta ni kali mno kwao na miti ya kula ni michache. Na "faru uhakika" ni uongo wa kumkera yeyote anayejua historia ya mahali pale. Miaka ya 1960 faru weusi wa kreta walikuwa zaidi ya 100, ujangili ukawafyeka hadi wakabaki chini ya 20, na ni ulinzi wa miaka mingi uliowarejesha. Magari hayatoki barabarani kuwafuata, kwa hiyo mara nyingi utawaona kwa mbali, kwa darubini, au usiwaone kabisa. Mwambieni mteja hivyo kabla hajatoa hela yake.

Mwambieni pia abebe sweta, ukingo uko juu ya mita 2,200 na asubuhi ni ukungu mtupu. Watoto wetu wa pwani wanafika na kandambili. Na chakula pale Ngoitokitok, sehemu ya kupumzikia mle kreta, kiliwe ndani ya gari, mwewe wanapokonya paja la kuku mkononi.

Mawakala mnaosoma hapa, andikeni kwenye tangazo: kushuka kreta kumo au hakumo, magari ya kushukia ni mangapi, na mnalala wapi usiku wa kuamkia lango. Wateja, asiyejibu hayo matatu kwa maandishi msimpe hata shilingi ya kushikia nafasi.