Mtoto wa darasa la pili anakariri kitabu badala ya kukisoma

Mzazi, Arua: Mwanangu ana miaka saba na yuko P2 katika shule ya mjini inayofundisha kwa Kiingereza, ilhali nyumbani tunazungumza Kiswahili na Kilugbara. Herufi anazitaja zote bila kusita. Kitabu chake pia anakisoma vizuri, lakini nikifunika picha na kumwonyesha neno moja tu, anakwama. Mwalimu wake anashauri arudie darasa. Je, nikubali?

Mwalimu mstaafu, Masaka: Mama, usikubali upesi. Anayetaja herufi zote bila kusoma huwa amefundishwa majina ya herufi, si sauti zake. Kwa Kiingereza, herufi e huitwa "ii" na i huitwa "ai". Mtoto anayetegemea majina hayo atalisomaje neno "meza"? Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 uliagiza P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha wahamie Kiingereza P4, ingawa shule nyingi za mijini, zenye watoto wa makabila mengi, huanza na Kiingereza moja kwa moja.

Wewe anza na Kiswahili, kwa kuwa irabu zake tano hazibadiliki sauti. Kwanza mcheze kwa mdomo bila karatasi: ukiondoa "ka" katika "kalamu", kinabaki nini? Akizoea kukata na kuunga silabi, mwandikie m, a, na i, aunde "ma", "mi", "mama", "mimi", ndipo uongeze herufi nyingine mojamoja. Dakika chache kila jioni zinatosha, na picha zisiwepo. Kurudia darasa kwa mbinu zilezile kutampotezea mwaka.

Baba wa watatu, Jinja: Naongeza kwamba macho na masikio yapimwe kwanza, kwa sababu mtoto anayeugua masikio mara kwa mara hukosa kutofautisha sauti zinazokaribiana, na sisi wazazi tukadhani ni uvivu. Kuchanganya b na d katika umri huu si jambo la kutisha. Lakini akifundishwa sauti ipasavyo na bado asisogee, hasa ikiwa katika ukoo kuna aliyesumbuka hivyo, huenda ni disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, ambao hauhusiani na akili ndogo. Chuo Kikuu cha Kyambogo huandaa walimu wa elimu maalumu. Uliza kama shuleni kwenu yupo mmoja wao.

Mzazi, Arua: Nashukuru sana. Masikio yalimsumbua alipokuwa mdogo, kwa hiyo nitaanzia hospitali. Ila je, Kiswahili hakitamharibia Kiingereza?

Mwalimu mstaafu, Masaka: Hakitamharibia. Ujuzi wa kuunga sauti hadi zitoe neno, akishaupata katika lugha moja, ataingia nao katika nyingine. Kitakachobaki ni kuzoea tahajia ya Kiingereza, ambayo hata watu wazima inatusumbua. Mwombe mwalimu wake akueleze sauti anazofundisha wiki hii, ili jioni usimfundishe kinyume chake.