MJADALA: Mitambo ya upepo Singida ikija, fidia mara moja au kijiji kilipwe kila mwaka?

Wadau wa kanda ya kati, mimi nipo Dodoma ila nyumbani Singida, toka nasoma msingi nasikia umeme wa upepo unakuja na mpaka leo upepo unatupeperushia vumbi tu. Sasa siku ikija kweli, taratibu zetu za ardhi zipo tayari? Maana tulichozoea ni mthamini anakuja, anahesabu miembe, nyumba na makaburi, mtu analipwa anahama. Mnara wa upepo hauko hivyo jamani, chini unakula kaeneo kadogo, mpaka ufike mnara mwingine ni mamia ya mita, hapo katikati mtu analima alizeti yake na mbuzi wanapita. Kuhamisha watu wote ni kwa faida ya nani? Mi naona ardhi ibaki ya kijiji, mwekezaji apange, alipe kila mwaka.

— Mkuu hatujaona hata pangaboi moja ushaanza kugawa hela. Mkutano mkuu wa kijiji upo kwenye sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, eneo likizidi hekta 250 linapanda kwa waziri, hapo bado NEMC wa mazingira, bado EWURA wa leseni za nishati, bado TANESCO wakubali kununua umeme. Ongeza sharti lingine uone kama jamaa haendi zake Kenya. England walibana mwaka 2015, minara mipya ya nchi kavu ikawa ya kutafuta kwa tochi, 2024 serikali mpya ikaja kuyafuta yale masharti.

— Kenya ipi ndugu yangu? Kinangop mradi wa megawati 60 na ushee ulikufa 2016, wananchi waligoma sababu ya ardhi hiyohiyo. Mradi wa Ziwa Turkana megawati 310 zinazalishwa sawa, ila 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ile ardhi hazikupatikana kihalali. Ukiruka wenyeji mwanzoni utakutana nao mbele na wakili.

— Na flamingo wa ziwa Singidani? Hayo mapanga na ndege si marafiki, ila naona humu ni hela tu.

— Flamingo uko sahihi, minara ikae mbali na maziwa, hapo sibishi. Ila wewe wa masharti, mi sijaomba kibali kipya, nimeuliza hela. Ushuru wa huduma unaishia halmashauri, kijiji chenye mnara kinaambulia madawati mawili na picha ya pamoja. Hilo hujajibu.