Naomba ushauri: kuotesha urujuani wa Usambara kwa mbegu

Habari wakuu. Nina kitalu kidogo cha miti ya asili Muheza, sasa nataka kuongeza ua la urujuani wa Usambara, Saintpaulia. Wajerumani walichukua mbegu zake huku Tanga miaka ya 1890, leo limejaa madirishani Ulaya, huku kwetu linapungua kila msitu unapofyekwa!

Kwa jani hata mtoto anaotesha, ila miche yote inakuwa pacha wa mama, na kwa uhifadhi nataka mchanganyiko. Mbegu sasa: laini kama vumbi. Nikimwagilia zinasombwa, nikizifukia hazioti, nikiziacha wazi ukungu unazivamia. Mliofanikiwa mnatumia udongo gani? Mnamwagilia kwa chini?

Na kibali cha kukusanya mbegu hifadhi ya Amani, nianzie TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) moja kwa moja?