Naomba ushauri: reli ndogo ya mvuke uani, Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Niko Nyegezi, Mwanza. Baba mdogo alikuwa fundi wa reli, ndiko nilikoanzia kupenda injini za mvuke. Sasa nataka kutandika reli ndogo uani, yenye kichwa cha treni kinachochemsha maji kweli, si cha umeme.

Nimekwama kwenye upana wa njia, yaani nafasi kati ya reli mbili: milimita 32 au 45? Uwanja wangu umejaa mawe, yale yetu ya Mwanza, kwa hiyo kona zitakuwa kali. Moto nautaka wa gesi ya butani. Spiriti naiogopa kwa upepo huu wa ziwani. Boila je, maji ya mvua yaliyochujwa yanatosha, au ninunue maji baridi ya betri?

Mwenye injini hii Mwanza, Musoma hata Bukoba, naomba nije niione ikiwashwa.