Tupeane uzoefu: kikundi cha ngoma cha vijana wa mtaa, nani anabeba mzigo?

Daftari la Mtaa
Wakuu, watoto wakicheza vizuri jukwaani sifa zote ni zao. Waliokimbizana na ngoma, mavazi, chai na ruhusa za wazazi hakuna anayewataja. Wenye vikundi njooni. Kwa vijana 24 msiwe chini ya watu wazima 6: mwalimu, kiongozi wa wapigaji, wa mavazi, mlezi wa kike, mweka hazina na wa kuzunguka maofisini. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika, mpaka siku mnaulizwa usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na barua ya serikali ya mtaa.

Fundi Mambo
Wa kuwamba ngoma umemwacha. Kwa sisi wa pwani unyevu wa bahari unalegeza ngozi, ngoma inatoa sauti ya ndoo ya plastiki. Washa makuti makavu au maboksi, uso wa ngoma uelekee moto, kaa mbali hatua moja, zungusha huku unaigonga kwa kidole. Sauti ikishakuwa kali, ondoa. Mkaa usitumie, unakausha sehemu moja na ngozi inachanika pale kwenye mambo, vile vijiti vinavyoishikilia. Ukisikia inanuka, umeshachelewa.

Kijana wa Temeke
Jua linatosha, moto wa nini?

Fundi Mambo
Onyesho likiwa saa mbili usiku utaanika kwenye taa?

Mama Vibwebwe
😂😂 Khanga: doti 12 zinatoa vibwebwe 24, lakini nunueni 14, kuna zitakazosafiri. Kwenye sindimba, ngoma ya Wamakonde, kibwebwe kinafungwa nyongani, si kiunoni, la sivyo mtikiso hauonekani. Pini marufuku. Ikifunguka inamchoma mtoto. Shona kamba mbili pembeni, afunge mwenyewe.

Jembe Mkononi
Mnaongelea pini wakati kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, watoto wameshika vyuma! Balaa lenyewe liko hivi. Ngoma imechanganya, mistari miwili inatazamana, majembe yanarushwa juu na kuzungushwa. Mpini ulikauka stoo miezi mitatu, umesinyaa. Kwenye mzunguko wa pili chuma kinachomoka, mchezaji anabaki na fimbo, na chuma kinaelekea walikokaa watoto wadogo, maana mbele kabisa ndiko wanakokalishwa siku zote. Kwa hiyo: jembe kuukuu lililokwisha makali, kona zipigwe tupa ziwe butu. Kabla ya kila mazoezi mtu mmoja, yule yule, agonge na kuvuta kila mpini. Mchezaji na mchezaji urefu wa jembe na mkono ulionyooshwa, tena nusu hatua. Watazamaji hatua tano nyuma, piga mstari wa chokaa. Mikono ikilowa jasho, wapewe majivu.

Kijana wa Temeke
Duh. Mbona msitumie ya mbao?

Ng'wana Mwanza
Bugobogobo la mbao ni igizo la shule ya awali. Uzito wa jembe ndio unaomfundisha mtoto kuinama.

Mama Vibwebwe
Uzito huo huo ukimwangukia mguuni nani anapeleka hospitali? Chini ya miaka 14 mbao, mjadala umefungwa.

Ng'wana Mwanza
Haujafungwa.

Hesabu ya Nane
Turudi kwenye mada. Mwalimu akiwatazama watoto, kulia kwake ni kushoto kwao, nusu ya kikundi inageuka vibaya. Afundishe amewapa mgongo, msaidizi asimame mbele kukagua. Mazoezi saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu, ili wasichana wafike nyumbani kabla ya magharibi. Mkipitisha hapo, wanaoacha kwanza ni wao. Na onyesho msipange karibu na Septemba, darasa la saba wana mtihani.

Daftari la Mtaa
Hapo kwenye magharibi umemaliza. Posho je?

Mweka Hazina Mkali
Posho kwa mtoto hapana. Chai, mihogo na nauli, kila kitu kiandikwe mbele ya mzazi mmoja. Ukianza na buku leo, kesho hachezi bila buku.

Kijana wa Temeke
Wapigaji watu wazima lakini walipwe jamani, mikono inapasuka.

Fundi Mambo
Walipwe kabla ya onyesho. Baada ya onyesho mgeni rasmi keshaondoka na mweka hazina simu haipatikani.

Mweka Hazina Mkali
Mimi nipo hapa hapa.