Shoo ya Bury, Aprili 1980: Joy Division walipaswa kuifuta?

Wakuu, kila bendi ya roki ya Uingereza, Joy Division, inapotajwa wapo wanaosema: Ian Curtis, mwimbaji wao, alikuwa mtu mzima, alitaka mwenyewe kuimba hata akiwa mgonjwa, wenzake wasilaumiwe. Mimi nakataa.

Kwa jina hilo bendi ilidumu miaka miwili na miezi tu, Januari 1978 hadi Mei 1980. Albamu ya kwanza, Unknown Pleasures, ilipotoka Juni 1979, Curtis alikuwa ameshaambiwa na madaktari kwamba ana kifafa. Na huyu, jamani, kazi yake ya mchana kule Macclesfield ilikuwa kuwasaidia watu wenye ulemavu wapate ajira!

Sasa tazameni siku hizi tano. Tarehe 4 Aprili 1980 walipiga kumbi mbili za London usiku mmoja. Pale Rainbow, chini ya taa za kuwaka na kuzima kwa kasi, akaanguka kifafa juu ya dramu za mpigaji wao, Stephen Morris. Alivyokuwa akicheza kwa kurusharusha mikono, watazamaji mara nyingi hawakujua staili inaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi. Tarehe 7 alijaribu kujiua. Tarehe 8 alikuwa ukumbini Bury, mji ulio karibu na Manchester, katolewa hospitali. Akaimba nyimbo mbili, mwimbaji mwingine akashika nafasi, fujo ikazuka, chupa zikarushwa.

Mnaosema alitaka mwenyewe: mgonjwa anayeona haya kuwaangusha wenzake atajibu "niko sawa" kila akiulizwa. Mdogo wangu ana kifafa, jibu hilo nimelisikia akiwa bado ana povu mdomoni. Sisemi mwenye kifafa asipande jukwaani, hiyo ni dhuluma nyingine. Nasema taa zile zizimwe, alale vya kutosha, na baada ya kujaribu kujiua apumzike hata kama tiketi zimeisha.

Nakubali, walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na baadaye walikiri kwamba maneno ya nyimbo zake hawakuyasikiliza kwa makini. Lakini palikuwa na meneja, palikuwa na Tony Wilson wa Factory, kampuni iliyotoa rekodi zao, mwenye miaka 30. Badala ya kupumzika, ratiba iliendelea mpaka safari ya Marekani. Alikufa tarehe 18 Mei, siku moja kabla ya kuondoka, akiwa na miaka 23.

Anayeniona nimekosea anijibu hili tu: shoo ya Bury ingefutwa, nani angeumia?